Mwanakombo na Wazamiaji wa Skrini

Mtwara mjini, ukitaka kuzamia shughuli ya wanawake bila mwaliko, uliza kwanza nani yuko mlangoni. Ukiambiwa ni Mwanakombo Shabani, rudi nyumbani ukapike. Mwanamke huyu ana miaka arobaini na minane, mfupi, mnene kiasi, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi, na kwa zaidi ya miaka ishirini hakuna harusi ya maana kati ya Mikindani na Ufukoni ambayo haikumwomba akalie kiti cha mlangoni. Anazijua sura. Anajua nani mtoto wa nani, nani kanuniana na nani, na nani amevaa sare ya kuazima. Ukija umejifunika mpaka macho atakutambua kwa mwendo. Kuna wawili waliwahi kuja na masufuria kichwani wakijifanya wapishi. Akawafunua mifuniko, akayakuta matupu, akawarudisha nayo hivyohivyo.

Hiyo ni sifa. Riziki inatoka kwenye steshenari yake pale Chikongola, hatua chache kutoka sokoni, ambako anatoa kopi, anachapa barua na kuwajazia watu fomu za mtandaoni, za vyeti vya kuzaliwa, za vyuo, za ajira. Ana kompyuta mbili. Moja iko mbele kwa ajili ya fomu. Ya pili iko chumba cha nyuma, imeunganishwa na televisheni kubwa ambayo shemeji yake aliiacha alipohamia Lindi, na ambayo mwenyewe bado anadhani atarudishiwa.

Sasa, kama kuna kitu anachokichukia sawasawa na mzamiaji, ni tangazo la mtandaoni. Kwake yeye ni kitu kimoja. Hakualikwa, kaja, kakaa mbele, na anapiga kelele kuliko mwenye shughuli. Miaka minane iliyopita Mwalimu Kelvin, kijana wa Mbeya anayefundisha kompyuta sekondari, alikuja kutoa kopi za mtihani akamkuta Mwanakombo anahangaika na fomu ya cheti cha kuzaliwa huku dawa ya kupunguza tumbo imemfunika nusu ya skrini. Kelvin akavuta kiti. Akamwekea kitu kidogo ndani ya kivinjari, yaani lile dirisha la kuingilia mtandaoni, akasema kinaitwa kiendelezi na kazi yake ni kuzuia matangazo. Mwanakombo akakipa jina la mlinzi. Kuanzia siku hiyo skrini zake zikawa safi kama sebule ya mtu anayengoja wakwe, na wateja wakazoea, wakasahau kwamba mtandao una matangazo.

Wa kwanza kusahau ni yeye mwenyewe. Weka hilo akilini, maana ndilo litakalomponza.

Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri, chumba cha nyuma kinakuwa darasa. Wanawake sita kutoka Ufukoni wanakuja kwa bajaji moja, safari mbili, wanakaa mkekani mbele ya ile televisheni ya shemeji na kujifunza kusoma Qur'ani. Mwalimu wao ni mama mmoja wa Unguja ambaye hawajawahi kumwona ana kwa ana. Amerekodi masomo yake kwa ajili ya watu wazima wanaoanza, akayaweka kwenye tovuti ya bure. Ukimaliza somo, chini kinatokea kitufe cha kijani, unakibonyeza, linakuja jingine. Mwanakombo aliwafundisha jambo moja tu la kompyuta, nalo ni hilo. Shika mausi, tafuta kijani, bonyeza. Na alikataa kabisa kuwabonyezea. Kila mmoja na somo lake, kila mmoja na kitufe chake.

Aliyeanzisha darasa hilo ni Bi Safina. Ana miaka sitini na mitatu, mrefu, mkimya, na alipokuwa mtoto baba yake aliwapeleka kaka zake wanne chuo cha Qur'ani, yeye akabaki nyumbani kulea wadogo. Alikuwa akiwasikia kaka zake wakirudia sura uani, akawa anasema nao chinichini huku anaosha vyombo. Alizishika nyingi kwa masikio, lakini herufi hakuzijua. Miaka yote hiyo aliona haya kwenda madrasa akakae mkeka mmoja na wajukuu zake. Pale kwa Mwanakombo ndipo alipojua alifu na bee kwa macho. Ndani ya mwaka mmoja na nusu alikuwa amepanda juzuu ya Amma kutoka chini, sura baada ya sura, zikabaki mbili. Alitaka kuzimaliza kabla ya mfungo, ili Ramadhani hii akae na msahafu wake mwenyewe kama mtu mwingine yeyote. Hakuwahi kulisema sana. Lakini Mwanakombo alikuwa anaijua ile tarehe kuliko tarehe ya kodi ya pango.

Mambo yaliharibika Alhamisi moja asubuhi, kwa namna ya kawaida kabisa. Mwanakombo aliwasha kompyuta ya nyuma, kivinjari kikafunguka na kijikaratasi kidogo juu kulia, kwa Kiingereza, kikisema kiendelezi chake kimezimwa kwa sababu hakiruhusiwi tena. Alikisoma. Mbele kulikuwa na watu saba wanangoja, siku ile ilikuwa ya mwisho ya maombi ya chuo fulani na kila mmoja alikuwa amekumbuka jana. Akabonyeza sawa, kijikaratasi kikaondoka, naye akaondoka nacho kichwani kwa muda wa dakika mbili hivi, kisha akakisahau.

Saa kumi na nusu Bi Safina alikuwa mbele ya skrini kubwa, mausi mkononi. Somo la An-Naziati lilikuwa halijaanza vizuri, akaona kitufe cha kijani. Akabonyeza. Likatokea dirisha jipya, na ndani yake bwana mmoja mwenye suti ya kumetameta, anawapigia watu kelele wabashiri mechi za leo. Kwenye dirisha hilo kulikuwa na kitufe kingine cha kijani, kikubwa zaidi. Bi Safina akafanya kama alivyofundishwa. Akaja msichana aliyevaa kidogo sana, anauza dawa ya kiuno. Kijani kingine. Akabonyeza. Sasa bwana wa mechi na msichana wa kiuno wakawa wanaongea kwa pamoja, spika za shemeji zilikuwa kubwa, na pazia la chumba cha nyuma lilikuwa wazi.

Mbele, kwenye foleni ya fomu, dereva mmoja wa lori akacheka. Akacheka na wa pili yake.

Mwanakombo alipofika nyuma, Bi Safina alishaweka mausi chini taratibu, kama mtu anayerudisha chombo cha watu alichokivunja. Akavaa viatu vyake. Akatoka kwa mlango wa mbele, akapita katikati ya ile foleni bila kumtazama mtu, na wenzake watano nyuma yake, kwa kuwa bajaji ni moja na siku ile hakuna aliyetaka kubaki.

Mwanakombo alimtazama yule dereva. Fomu yake ilikamilika siku hiyo, lakini ilikuwa ya mwisho kabisa.

Ijumaa asubuhi akampigia simu Mwalimu Kelvin.

"Mama Warda, shikamoo," Kelvin akasema, akimwita kwa jina la bintiye.

"Marahaba, mwalimu. Mlinzi wako kafukuzwa kazi bila barua."

Kelvin alijua palepale. Alisema jambo hilo lilitangazwa siku nyingi, likaahirishwa, likatangazwa tena, na sasa limemfikia kila mtu. "Niseme hivi," akaeleza. "Mlinzi wa zamani alikuwa amekaa mlangoni mwenyewe. Kila kitu kilichotaka kuingia kwenye ukurasa kilipita mbele yake, akakiuliza umetoka wapi, akaamua palepale. Wenye kivinjari sasa wamekataa. Wanasema mlango wataulinda wao. Mlinzi awaletee orodha ya asiowataka, tena yenye kikomo, wao wataisoma na kuwazuia."

"Na ambaye hayumo kwenye orodha?"

"Anapita."

"Hata kama sura inamshtaki?"

"Hata kama."

Mwanakombo akavuta pumzi. Hakuna maneno ambayo yangeweza kumwudhi zaidi ya hayo. "Wanatoa sababu gani?"

"Usalama. Mlinzi anayeona kila kitu anaweza kukupeleleza pia, na hapo hawasemi uongo. Vimewahi kukamatwa viendelezi vinavyojifanya walinzi kumbe vinaiba. Wanasema pia kompyuta itakuwa nyepesi."

"Na wenyewe hao wenye kivinjari wanaishi kwa nini?"

Kelvin akacheka. "Kwa sehemu kubwa, matangazo."

"Basi mwenye ukumbi ni shangazi yao wazamiaji," Mwanakombo akasema.

Mwalimu akampa njia mbili. Ya kwanza, ahamie kivinjari kingine, kwa kuwa vipo ambavyo bado vinampokea mlinzi wa zamani. Mwanakombo alijaribu mchana huohuo. Kile kipya kilifunguka vizuri, lakini tovuti mbili za fomu zilikataa kutuma, na ile kompyuta ya nyuma, ambayo si binti tena, ikaanza kuhema. Isitoshe Mwanakombo si mtu wa kuhama mtaa kwa sababu ya jirani mkorofi. Akarudi.

Njia ya pili ilikuwa mlinzi mwembamba. Waliomtengeneza yule wa zamani nao hawakukaa kulia. Walizichukua orodha zao ndefu, wakafuta majina ya tovuti zilizokwishakufa, wakaunganisha yaliyofanana ili mstari mmoja uzuie ukoo mzima, mpaka orodha ikaenea kwenye nafasi waliyopewa. Kelvin akamwelekeza kwa simu, akamweka. Bwana wa suti akatoweka. Msichana wa kiuno akatoweka. Lakini kwenye tovuti ya masomo, chini ya uso wa yule mwalimu wa Unguja, vilibaki vitufe viwili vya kijani vya uongo, vimetulia kabisa.

"Hao wanabadili anwani kila baada ya siku chache," Kelvin akasema. "Zamani wenye orodha wangewakamata na jina jipya likakufikia baada ya saa kadhaa. Siku hizi jina jipya linasafiri ndani ya toleo jipya la mlinzi, na toleo lazima likaguliwe kwanza. Linaweza kuchukua siku."

"Sina siku, mwalimu. Mfungo hauningoji."

Jioni ya Ijumaa alikwenda Ufukoni. Alimkuta Bi Safina barazani anachambua mchele kwenye ungo. Walisalimiana, wakaulizana watoto, Mwanakombo akaletewa chai asiyoitaka na akainywa yote. Kisha akasema mashine inatengenezwa.

"Itengenezwe, mwanangu, wasome wenzangu," Bi Safina akasema bila kuinua macho. "Ntu nzima kama mimi, nimekaa na Qur'ani mbele, nimewafungulia watu kamari. Wanaume wakacheka. Mashine hizo zina wenyewe. Zinamjua asiyekwenda shule."

"Si kosa lako, Bi Safina."

"Nkono uliobonyeza ni wa nani?"

Mwanakombo akarudisha kikombe, akaaga. Alirudi nyumbani amekasirika, na hasira ilimpata kila aliyekuwa karibu, pamoja na mumewe ambaye alikuwa ameuliza tu kama kuna chai.

Jumamosi mchana Bwana Chande wa Mikindani alikuwa anamwoza binti yake, na shughuli ya wanawake ilikuwa kwenye ukumbi mpya mjini. Mwanakombo alikuwa mlinzi, bila shaka. Alivaa, akachukua mto wake wa kukalia, akafika mapema kabla ya wageni. Mlangoni akamkuta kijana mmoja mpole anaitwa Emmanueli, amevaa fulana ya ukumbi, karatasi mkononi.

"Karibu, mama. Jina lako nani?"

"Mimi ndiye wa mlango."

Emmanueli akamweleza kwa adabu. Ukumbi umebadili utaratibu. Mlango unalindwa na ukumbi, kwa sababu mwezi uliopita kulikuwa na ugomvi na mtu akasukumwa. Familia inaleta orodha tu. Naam, jina lake lipo, namba kumi na nne, apite.

Mwanakombo alisimama pale na mto wake kwapani. Kisha akapita, namba kumi na nne, akaingia ndani na kukaa mezani kama mgeni, jambo ambalo hakulifanya tangu harusi yake mwenyewe. Hakujua hata aweke wapi mikono.

Wageni walipoanza kuingia, kiti cha pembeni yake kikavutwa. Alikuwa Bi Safina, aliyekuwa jamaa wa Bwana Chande upande wa mama.

"Leo na wewe umekataliwa mlangoni," Bi Safina akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi sauti yake ilikuwa na kicheko ndani.

"Wamenipa karatasi, Bi Safina. Mimi nilinde kwa karatasi?"

"Kunywa juisi."

Wakakaa wanatazama. Emmanueli alikuwa anafanya kazi yake vizuri, hilo Mwanakombo alilikubali kwa shida. Aliyekuwa kwenye orodha aliingia, ambaye hakuwemo alirudi. Hata hivyo haikupita nusu saa kabla Bi Safina hajamgusa kwa kiwiko.

"Yule mwenye dera la zambarau. Hakualikwa."

"Umejuaje? Kapita kwenye orodha."

"Kwa jina la kuazima. Mtazame. Kaingia kaangalia pilau kabla ya bibi harusi. Na yule wa pili yake anamwitikia kila mtu kwa haraka. Mwenye shughuli hana haraka." Akanywa juisi yake. "Na yule pale mwenye mkoba mkubwa. Mkoba wote huo wa nini, anahama?"

Mwanakombo aligeuka akamtazama mama yule mkimya kama vile hajawahi kumwona. Alikuwa sahihi kwa wote watatu. Yeye mwenyewe, na miaka yake ishirini, yule wa haraka asingemkamata.

Akainuka, akaenda kwa msimamizi wa ukumbi. Hakugomba. Alisema mlango ni wao, sawa, lakini familia inaomba mtu mmoja aruhusiwe kuzunguka ndani ya ukumbi huu, kwa shughuli hii, siku hii tu. Msimamizi akafikiri, akampa beji ya kubandika kifuani. Sasa Mwanakombo hakuweza kumtoa mtu nje, hilo halikuwa lake. Alichofanya ni kuwachukua wale watatu kwa heshima zote, "Wageni wangu, karibuni huku kuna nafasi nzuri," akawakalisha nyuma ya spika kubwa, mahali ambapo sahani hazifiki, kamera haifiki, na mtu hasikii hata jina lake. Wapo lakini hawapo. Baada ya nyimbo tatu waliondoka wenyewe. Naye akaenda kwa Emmanueli akampa majina yao ya kweli, ayaandike ya kuzuiwa kwenye shughuli zijazo.

Alirudi kitini akaanza kucheka peke yake. Alicheka mpaka miwani ikamtoka.

"Una nini?" Bi Safina akauliza.

"Bi Safina, nisikilize. Kosa la Alhamisi ni langu." Sasa alikuwa hacheki tena. "Kwenye mtandao wapo wazamiaji kama hawa, maelfu. Nami nilikuwa na mlinzi anayewazuia mlangoni, miaka minane, ninyi hamkuwahi kuona hata mmoja. Nikawafundisha kijani, bonyeza. Sikuwaambia kwamba kuna kijani cha uongo. Mlinzi akafukuzwa, nikaambiwa kafukuzwa, nikasema sawa kwa sababu nina foleni. Halafu nikakuacha pale mbele na kitu kimoja tu nilichokufundisha, na hicho ndicho walichokukamatia. Mashine haikukujua umesoma au hukusoma. Mimi nimekuaibisha, na roho inaniuma."

Bi Safina aliweka glasi yake mezani.

"Kwa hiyo yule mwanamme wa suti alikuwa nzamiaji," akasema.

"Mzamiaji hasa."

"Na mimi ndiye niliyemfungulia."

"Kwa sababu nilikwambia kila anayegonga ni mgeni."

Bi Safina hakusema atarudi, na Mwanakombo hakuthubutu kuuliza.

Jumatatu aliifungua tovuti ya masomo. Kwenye yule mlinzi mwembamba kulikuwa na sehemu ambayo Ijumaa aliiruka kwa woga. Ilikuwa inaomba ruhusa ya kusoma na kubadilisha kila kitu kwenye tovuti. Aliisoma mara tatu. Hiyo ndiyo ile hatari aliyoisema mwalimu, ya mlinzi anayeona kila kitu. Akakumbuka ile beji ya ukumbini, ya shughuli moja tu. Akampa ruhusa kwenye tovuti ile moja tu, pengine popote hapana. Kisha akachukua kifaa kilichomo ndani ya mlinzi huyo, cha kuchagulia kitu cha kuficha, akakiweka juu ya kitufe cha kwanza cha uongo, akakificha. Cha pili, akakificha. Vilikuwepo bado ndani ya ukurasa, kama wale wa nyuma ya spika, havionekani na mtu. Mwisho akaandika taarifa kwa wenye orodha, kwa Kiingereza chake cha kujazia fomu, akaweka anwani ya wale wazamiaji na picha. Jumatano toleo jipya likaja, na ndani yake mstari mmoja wa kuizuia ile anwani. Kelvin akampigia kumwambia mstari huo sasa unatumika mpaka huko ambako watu hawajui Mtwara iko wapi. Mwanakombo akauliza kama unazuia na wa Mtwara pia, maana hao ndio aliokuwa anawataka.

"Tovuti ile inaishi kwa matangazo hayo, mama," Kelvin akamkumbusha. "Yule mwalimu wa Unguja nadhani anayahitaji."

"Angetangaza mchele na kanga nisingemzuia. Nitamwandikia nimwambie." Na kweli alimwandikia.

Alhamisi alasiri bajaji ya kwanza ikafika. Wakashuka wanawake watatu. Bi Safina hakuwemo. Mwanakombo akawakaribisha, akawawekea mkeka, akarudi mbele na kujazia mtu fomu, akakosea tarehe ya kuzaliwa mara mbili. Bajaji ikaenda, ikakawia, ikarudi. Akashuka mmoja. Akashuka wa pili. Kisha ukatoka mguu mrefu na kiatu alichokijua.

"Shikamoo, Bi Safina."

"Marahaba. Kabla ya somo, tuonyeshe sote hao wazamiaji wako."

Hilo Mwanakombo hakulitarajia. Alifunga pazia, akazima spika kabisa, akamzima mlinzi kwa makusudi. Matangazo yakajaa kwenye televisheni ya shemeji. Mwanzoni wanawake wakafunika nyuso. Kisha mmoja akasema yule pale anacheka bila sababu. Mwingine akasema hiki kijani kinapepesa kama jicho la muuza mitumba. Ndani ya dakika tano walikuwa wanawataja kwa kidole, wanagombania nani kaona kwanza, na Bi Safina ndiye aliyekuwa anaamua. Mwanakombo akamrudisha mlinzi kazini, akafungua spika, akaenda zake mbele.

Somo likaenda vizuri. Bi Safina alisoma An-Naziati, akakwama, akarudia, akavuka. Ilikuwa imebaki kama dakika moja mwalimu wa Unguja amalize, pale kwenye pembe ya skrini kilipochomoza kitufe kimoja cha kijani. Kipya. Hakikuwa kwenye orodha yoyote duniani, kilikuwa kimezaliwa siku hiyo.

Mwanakombo alikiona kupitia upenyo wa pazia. Akaacha fomu ya mtu, akaingia nyuma mbiombio na mkono umeshanyooka kuelekea kwenye mausi.

Mkono wa Bi Safina ulikuwa juu ya mausi tayari, umetulia. Alikuwa anakitazama kile kitufe jinsi alivyomtazama yule wa dera la zambarau.

"Mwalimu hajamaliza kusema, yeye keshaniambia niendelee," akawaambia wenzake. "Haraka ya nini? Huyu hakualikwa."

Akakiacha kilipo. Mwalimu akamaliza. Chini, mahali pake pa siku zote, kikatokea kijani cha kweli, na Bi Safina akakibonyeza kwa kidole kimoja. Sura ya mwisho ikafunguka, herufi kubwa nyeusi, skrini nzima. Akaanza kuzisoma polepole kwa macho, aya zilezile alizozisikia uani miaka hamsini na zaidi iliyopita huku anaosha vyombo.

Mwanakombo alikuwa amesimama katikati ya chumba, mkono bado hewani, machozi yanamshuka chini ya miwani na hana habari nayo.

"Mwanakombo," Bi Safina akasema bila kugeuka, "kaa chini, unatuzibia."